Kwa Mama Chef, Ambaye Wanasema Hatukumpoteza

Mama Chef,

Jambo. Sijui kama huko uliko watu wanasalimiana, lakini wewe hukupokea neno langu hata siku moja kabla sijasema jambo. Kwa hiyo, jambo.

Jana wametuvalisha utepe, Mama Chef, ekipe yetu nzima, na mbele ya watu wote, kwa mikrofoni, wamesema kikosi chetu hakikupoteza mtu hata mmoja. Hata mmoja! Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili. Leo ni Jumapili, watoto wako misani na mama yao, mimi nimebaki hapa mezani peke yangu na bado nayasikia yale maneno. Kuna mtu alikaa chini akayafikiri, akayaona mazuri, akayapeleka yapigwe mhuri. Wewe ulikuwa wapi katika kichwa chake?

Ngoja. Ulikuwa ukiniambia kila siku, "Chola, weye unaanzaka na mukia." Basi nianze na kichwa.

Kwanza habari za kwetu. Nadine sasa ndiye mkubwa wa ekipe. Anatoa amri kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "kama haitawasumbua, tungeweza kupuliza dawa upande huu," na sisi tunacheka, halafu tunapuliza. Jina la Mama Chef amelikataa. Siku ya kwanza nilipomwita hivyo kwa utani aliingia nyuma ya gari akalia mpaka nikajuta. Papa Banza bado anaendesha, bado anaimba nyimbo za kanisa akipita kwenye mashimo, na bado anasema gari ni nzima wakati sote tunasikia linakohoa. Mimi bado nabeba pampu ya klori mgongoni. Sare yangu imeliwa na dawa mpaka khaki imekuwa na madoa meupe kama ya mtu aliyemwagiwa uji. Wametupa sare mpya kwa ajili ya jana. Sikuizoea hata kidogo, shingo ilikuwa inaniwasha.

Tuzo yenyewe sasa. Daktari mkuu wetu alituita ofisini, akatuambia kuna heshima inatoka juu, haimwendei mtu, inakwenda kwa kikosi. Alieleza kwa Kifaransa kirefu, halafu Nadine akatueleza kwa maneno ya watu. Ni utepe mdogo, rangi ya buluu na kijani, unabandikwa kifuani upande wa kulia. Aliyekuwa ndani ya kikosi wakati wa kipindupindu anauvaa maisha yake yote, hata akihamishiwa Kambove, hata akistaafu. Anayeingia baadaye anauvaa akiwa bado nasi tu, siku akitoka anauvua. Na hakuna wa kuukataa peke yake: ama ekipe nzima inaupokea, ama ekipe nzima inaukosa. Papa Banza aliuliza kama na gari nalo litabandikwa, kwa sababu nalo lilifanya kazi. Daktari hakucheka. Wewe ungecheka, najua, ungeshika mbavu.

Tulifurahi, sikudanganyi. Tangu tuanze kazi hii watu wanatuita wachawi wa klori. Wanatufungia milango, wanatutupia mawe, wanasema ndio tunaoleta ugonjwa ili tupate kazi. Sasa kuna mtu mahali fulani amesema asanteni. Nadine akampigia simu binti yako Solange, kule Sakania, akamwambia njoo, mama yako ni wa ekipe hii kuliko sisi wote, utapokea kwa niaba yake. Hakuna aliyetuambia vinginevyo, na sisi hatukuuliza. Nani angeuliza swali kama hilo?

Solange aliacha vitu vyake vya biashara pale mpakani kwa jirani, akapanda lori. Alifika na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na shati lako la kazi, limefuliwa, limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ilikuwa inakata. Alisema waubandike utepe juu ya shati hilo hilo.

Sasa, Mama Chef, nataka tuongee juu ya lile kopo. Sikuwahi kukuambia nilichofikiri, kwa sababu hukunipa nafasi, ulikwenda zako. Nimekasirika nawe mpaka leo. Nakuambia wazi. Nikikukumbuka ninalia, na nikimaliza kulia ninakasirika.

Nikukumbushe vile ilivyokuwa, maana mimi nikifunga macho naiona yote. Ule mtaa wa Katuba wenye kisima cha pamoja, mvua imejaza maji ya vyoo kila mahali. Mke wa Papa Lwamba, yule mzee aliyefanya kazi ya reli, alikuwa amekufa asubuhi hiyo. Tulifika tukakuta lango limefungwa na vijana wa ukoo wamesimama mbele yake na mawe mikononi. Ndani wanawake walikuwa tayari wanachota maji ya kisimani, ya kumwosha marehemu na ya kupikia watu wa kilio. Sufuria za bukari, ugali wa watu wa kilio, zilikuwa zimeshapangwa. Nilizihesabu kichwani zile nyumba zote ambamo watu wangerudi, kila mmoja na ugonjwa tumboni.

Nadine alijaribu kusema nao wakamzomea. Mimi nilijaribu kwa kelele zangu nikaongeza ubaya. Wakati ule lango likafunguka kidogo na Papa Lwamba mwenyewe akatoka, koti lake la reli limefungwa vifungo vyote, macho mekundu. Mkononi alikuwa na kopo la bati, limejaa maji. Hakupiga kelele. Alikuangalia wewe, kwa sababu nywele zako nyeupe zilikuwa zinaonekana chini ya kofia, akasema, "Mama, banasema mayi yetu iko uchafu, bibi yangu iko uchafu, sisi bote tuko bantu ba uchafu. Kama unakuya kwa kilio, kunywa mayi ya kilio. Kama hapana, rudia."

Mimi nilijua utasema nini. Ungesema Papa, pole, lakini. Tulifundishwa hivyo, na wewe ndiye uliyetufundisha. Kikombe cha nyumba ya ugonjwa hakiguswi, hata kwa kidole. Nadine ulimkaripia mara moja kwa sababu ya muwa aliopewa na mtoto.

Ukavua barakoa. Ukavua glavu ya mkono wa kulia. Ukalipokea lile kopo kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea kitu kwa mkwe wake, ukanywa. Hukuonja. Ulikunywa mpaka mwisho, ukaligeuza kopo ili waone, ukamrudishia. Ukasema, "Pole sana, Papa. Sasa tumuzike mama muzuri, bila kupoteza mwingine."

Mama wee!

Vijana waliangusha mawe yao chini. Yule mzee alianza kulia kwa sauti, akakushika mkono, akakuingiza ndani mwenyewe. Na baada ya hapo kila kitu ulichosema kilifanyika. Walituacha tumtengeneze marehemu. Walimwaga maji, walimwaga na bukari yote. Watu walikaa mbali mbali, wakazika, wakarudi makwao bila kula. Kisima tulikifunga jioni ile ile, na Papa Lwamba ndiye aliyeshika ubao nikipiga misumari. Katika mtaa ule hakufa mtu mwingine. Wanaojua kazi hii wanasema pale ndipo ugonjwa ulipovunjika mgongo, kwa sababu mitaa mingine ilipoona Papa Lwamba amekubali, nayo ikakubali.

Kwenye gari nilikuambia twende moja kwa moja kituoni wakupe dawa. Ulisema utakunywa zile za kwenye sanduku letu, na ukanywa, nilikuona. Nikasema haitoshi, baki tukuangalie. Ukasema Solange amejifungua, conge yako ya mapumziko imeanza, lori la Sakania linaondoka asubuhi, na mimi ni mtu wa kelele. Papa Banza alisimamisha gari njiani akageuka, akakuambia na yeye ubaki. Ukamwambia aangalie barabara.

Halafu ile simu. Mvua ilikuwa imekata barabara na lori limekwama kwenye matope, huko katikati ambapo hakuna kituo wala mtu. Sauti yako ilikuwa ndogo na ulikuwa unacheka, kile kicheko chako cha kuficha. "Chola, tumbo imeanza. Ni ile kopo." Mimi nikaanza kupiga kelele, nikakuuliza chumvi na sukari unazo, maji safi unayo, dereva yuko wapi nimtukane. Uliniacha nimalize. Halafu ukasema, "Sikiliza. Ule muzee asijue kintu. Unasikia? Asijue." Nikasema nasikia. Ukasema utafika.

Hukufika mzima. Walikushusha Sakania umekwisha kukauka, Solange anasema hata machozi hukuwa nayo ya kumlilia mjukuu. Wewe! Wewe uliyekuwa unatuambia kipindupindu ni ugonjwa wa kijinga, mtu akipata maji mapema hafi. Umekufa kwa kukosa maji kwa sababu ulikunywa maji. Nikiwaza hivyo kichwa changu kinasimama, hakiendi mbele wala nyuma. Ningemwambia mtu mwingine yeyote kwamba yule mama amekufa kwa kipindupindu, angesema ninadanganya.

Basi jana.

Uwanja wa ofisi walikuwa wameufagia, wamepanga viti, wameleta fanfari ya tarumbeta ya vijana wa parokia. Wakubwa walikuwa chini ya hema. Watu wa mitaa walialikwa pia, wamesimama nyuma ya kamba. Sisi watatu tulisimama kwa mstari: Nadine, Papa Banza, mimi. Tuliacha nafasi moja upande wa Nadine, nafasi yako, na Solange alisimama nyuma yake kidogo na mfuko wake, anasubiri kuitwa.

Nikaangalia sahani waliyoibeba kuleta tepe. Zilikuwa tatu. Nikajiambia labda yako iko kwenye kijisanduku, kwa kuwa ni ya marehemu, wataitoa kwa heshima zaidi. Ndivyo nilivyojidanganya, Mama Chef. Nilikuwa natafuta kijisanduku kwa macho.

Bwana mmoja aliyetoka juu akashika karatasi akaanza kusoma. Alisoma vizuri. Alisema juu ya ujasiri wa kikosi, juu ya mtaa wa kisima, juu ya familia iliyokubali kuzika kwa usalama kwa sababu ya hekima ya kikosi hiki. Nikajisikia nakua mrefu. Nikawaza, sasa anamtaja. Ndipo akasema: "Na kwa kufuata kanuni zote za kujikinga bila kosa, kikosi hiki hakikupoteza mtu hata mmoja." Watu wakapiga makofi. Fanfari ikapiga.

Sikuelewa. Nakuapia, maneno yaliingia na sikuyaelewa, nikadhani anasoma ya kikosi kingine. Nilimtazama Nadine. Alikuwa ameigeukia ile nafasi tupu. Papa Banza alivua kofia, halafu akaivaa, halafu akaivua. Nyuma yangu nilisikia mfuko wa plastiki unalia mikononi mwa Solange.

Bila kosa! Wewe ulivua glavu mbele ya macho yetu! Ugonjwa wote ulikatika kwa sababu ulivunja kanuni, na sasa tunasifiwa kwamba haikuvunjwa, na wewe umefutwa ili sifa ikae sawa. Damu ilinipanda. Yule bwana alishafika mbele yetu anabandika, alibandika kwa Nadine, akabandika kwa Papa Banza, akaja kwangu, pini ikaingia kwenye shati, na mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo yote tayari. Nilikuwa nitasema kwa sauti yangu yote, wewe unaijua, haina haja ya mikrofoni: tulipoteza mmoja, jina lake ni hili, aliuawa na kipindupindu, alikipata kwa kopo la maji alilokunywa ili mtaa mzima uishi. Wangeuondoa utepe wao, wauondoe. Pembeni Nadine aliniangalia akatikisa kichwa kukubali. Papa Banza naye. Tulikuwa sote watatu tayari.

Hapo nikamwona Papa Lwamba.

Alikuwa ameinama akapita chini ya kamba. Anakuja katikati ya uwanja, polepole, na lile koti la reli, na viatu vyeusi vinang'aa kabisa. Askari mmoja alitaka kumzuia, akamwangalia umri akamwacha. Alikuja mpaka mbele yetu, akatutazama mmoja mmoja, akatazama ile nafasi tupu, akatabasamu kama mtu aliyechelewa kwenye harusi.

"Na ule mama mukubwa, iko wapi?" akauliza. "Ule wa kunywa mayi yangu. Minakuya kumuambia aksanti. Siku ile nilikuwa na kilio, sikumuambiaka kitu."

Mama Chef, hakujua. Miezi yote hii hakujua. Ulikufa Sakania, mtaa wa Katuba ungejuaje? Kwake yeye wewe ulikunywa yale maji ukaenda zako mzima, na hivyo ndivyo alivyojua kwamba nyumba yake si nyumba ya uchafu. Anatembea mtaani na kitu hicho. Amekuja nacho mpaka pale.

Maneno yangu yalikuwa bado mdomoni, yote, na pini yao kifuani. Nikiyasema, wewe unarudi kwenye kikosi chako. Nikiyasema, huyu mzee anasikia mbele ya mji mzima kwamba aliua mtu kwa mkono wake, siku aliyomzika mkewe. Sikuwahi kubeba kitu kizito hivyo, na unajua nimebeba pampu miaka mingapi.

Nikasema tu, "Alikufa, Papa."

Aliniangalia. "Alikufa?" Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki pale kwa bahati mbaya. "Alikufa na nini?"

Nikanyamaza. Mimi, Chola, nikanyamaza! Niliona anaanza kuhesabu. Niliona macho yake yanarudi nyuma, yanakwenda langoni kwake, yanatafuta mkono wake. Nilitaka kudanganya na ulimi ukakataa, kwa sababu Solange alikuwa pale nyuma yangu na shati la mama yake, na uongo ule haukuwa wangu wa kuutoa. Ningemnyang'anyaje mama yake mara ya pili mbele ya macho yake?

Ni Solange aliyepita mbele. Alinisukuma kidogo kwa bega. Alisimama mbele ya yule mzee, akamwangalia usoni, halafu akaangalia chini, viatu vya mzee, akarudisha macho.

"Tension, Papa," akasema. "Mama alikuwaka na tension, tangu zamani. Mimi niko mutoto yake."

Alisema vizuri, bila kutetemeka. Sijui alipata wapi ile sauti. Kweli najua alipoipata.

Papa Lwamba akatikisa kichwa, tension, presha ya damu, ndiyo, inamaliza watu. Nikaona mabega yake yanashuka. Halafu akafanya jambo ambalo mimi sikulitegemea. Akashika magoti yake, akakaa chini. Pale pale, kwenye vumbi, katikati ya uwanja, na suruali yake ya kutokea, kama vile tunavyokaa kwa kilio tunapokuta tumechelewa na marehemu ameshazikwa. Akaweka mkono kichwani akaanza kukulilia kwa sauti ya chini.

Solange akakaa kando yake, shati mapajani.

Unajua sisi hatukukaa kwa ajili yako? Mikusanyiko ilikatazwa, na sisi ndio tuliokuwa tunapita mitaani kuikataza. Siku ulipokufa tulipuliza dawa katika nyumba za watu mpaka jioni. Hakuna aliyetuambia pole, hakuna aliyetuletea hata karanga. Tulivua buti, tukaagana, basi. Nadine alikaa. Papa Banza alikaa na magoti yake yale mabaya yanayolia, akamshika yule mzee begani. Mimi nikakaa wa mwisho. Sare mpya ikaingia vumbi na nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Fanfari iliendelea kupiga kwa muda kwa sababu hakuna aliyewaambia waache. Yule bwana wa juu alikuwa amebaki na sahani tupu mkononi, anatazama huku na huku. Mpiga picha alikuja akasema, "Musimame, tupige foto ya ekipe." Hakuna aliyesimama. Daktari mkuu akaja, akainama, akauliza kwa upole kuna nini. Watu wa nyuma ya kamba walikuwa wameelewa. Wanawake wawili watatu walivuka wakakaa nasi, kisha wengine. Hawakukujua hata jina. Walikuwa wanajua tu kwamba kuna mtu amekufa na watu wake wamekaa.

Tulikulilia, Mama Chef. Nililia mimi mpaka pua. Mwili wangu ulikuwa bado haujakubali kwamba umekufa, kila asubuhi nilikuwa nakusubiri ukague buti zangu. Jana nimekubali.

Baadaye, kwenye gari, nilimwuliza Solange kwa nini alisema tension. Alikuwa mama yake, na alikuwa amesafiri njia yote ile. Alinijibu, "Uliona viatu vyake? Alivipaka mafuta ya kupikia." Shati lako ameondoka nalo hivyo hivyo, bila utepe. Nadine alitaka kumpa wake, Solange akasema hapana, vaeni ninyi mlio hai, mama hakupenda vitu vya kuning'inia.

Nilimfuata daktari mkuu peke yangu. Si mtu mbaya, alinipa kiti. Nilimwambia lile neno moja lifutwe, lile la kwamba hatukupoteza mtu. Akasema analijua jina lako, analiheshimu, lakini siku uliyokufa ulikuwa conge, kwa hiyo kwa kanuni hukuwa kikosini. Nikamwuliza kama kipindupindu nacho kilikuwa conge. Akasema maandishi yameshatiwa sahihi huko juu, hayabadilishwi, na yatakuwa yanasomwa kila mwaka siku ya kikosi, mbele ya wote, ndiyo desturi ya heshima hii.

Kila mwaka, basi.

Ahadi yangu ni hii. Yule mzee hatajua, si kwa kinywa changu. Ninakuandikia wewe kwa sababu nikimwambia mke wangu, kesho Katuba nzima inajua, na nikikaa nayo tumboni itanipasua. Nikimaliza, karatasi hii naichoma kwenye brazero ya makaa kabla yeye na watoto hawajarudi kutoka misani, utaisoma kwa moshi. Solange nimemwahidi kwamba mtoto wake akikua nitampeleka Katuba, nimwonyeshe tu mtaa, watu wanavyopita, watoto wanavyocheza, nisiseme kitu.

Na wakisoma yale maneno mwakani, nitakaa chini. Mbele yao wote, wakubwa wakiwa wamesimama, na utepe wao kifuani. Wakiniuliza kuna nini nitasema tuna kilio. Nadine amesema naye atakaa. Papa Banza amesema magoti yake hayatamruhusu kuinuka tena, lakini atakaa. Siku tutakapokuwa tumestaafu tutakuja na kukaa nyuma ya kamba.

Pumzika sasa. Barabara ya Sakania wameitengeneza kidogo, nitakuja nikuone kabla ya mvua.

Chola